Bi Khole Atafuta Mkwe Mbioni

Kwenye kilomita ya saba, mbele ya bembea lenye umbo la pweza, Bi Khole alimchungulia Raghad, mkimbiaji mwenzake, meno. Yalikuwa meupe, yamepangana vizuri. Bi Khole akaridhika. Lilikuwa limebaki jambo moja tu.

"Mama, yallah! Treni hiyo inakuja!" Raghad akamhimiza.

Treni yenyewe ni ile nyekundu ya watoto, inayozunguka bustani ya michezo nje kidogo ya mji wa Ibra. Siku ya mbio kazi yake ni kuzoa wanaochelewa. Ikikufikia unapandishwa behewani, unapelekwa mwisho huku unapigiwa honi, na medali huna. Bi Khole, miaka sitini na mbili na goti moja bovu, alikuwa radhi atambae kuliko kupandishwa treni ya watoto mbele za watu. Lakini si medali iliyomleta.

Kilichomleta ni Azzam, mwanawe wa pekee. Miaka thelathini na minne, kazi nzuri, sura nzuri, na haoi. Kila akisemeshwa, jawabu lake ni moja: "Nikioa nitahamia Nizwa, kazini kwangu. Wewe utabaki na nani, Mama?" Ndivyo anavyosema tangu baba yake afariki. Kujua kwamba yeye ndiye kizuizi cha mwanawe kulimuuma Bi Khole kuliko hilo goti. Akanuia kumtafutia mke mwema hata akose la kusema.

Azzam mwenyewe ndiye aliyemwandikisha kwenye kikundi cha wanawake wanaojizoeza kukimbia, eti sukari itashuka. Bi Khole alikataa siku mbili. Siku ya tatu akafikiri: wanawake kikundi kizima, na wengi wao vijana! Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Akanunua viatu.

Mama yake, zamani huko Unguja, alikuwa hodari wa kutumwa kuchunguza wachumba. Huingia nyumba ya watu kama aliyepita kusalimia tu, kumbe anamtazama msichana anavyokwenda, anavyojibu, anavyoshika kikombe. Sharti lake lilikuwa moja: mchunguzi hajitaji mpaka aridhike, wala haulizi jambo waziwazi. Lakini maskini, mama yake hakuijua faida ya mbio. Mtu akishafika kilomita ya tano hawezi tena kujifanya. Hasira, uchoyo, uvivu, vyote humtoka na jasho.

Miezi mitatu, kila Ijumaa asubuhi, wakikimbia kando ya mashamba ya mitende, Raghad hakuonekana na doa lolote. Alikuwa mwalimu wa chekechea, gari lake limejaa midoli na biskuti za watoto. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokotaokota, lakini shikamoo haikumpita. Bi Khole alipoanguka siku moja, Raghad alimfunga goti kwa mtandio wake mwenyewe, mpya, wa hariri.

Na maswali yake sasa! "Mama, samaki unapenda? Kwetu Sur kila siku sisi samaki." Ijumaa nyingine: "Wewe unaweza kukaa Sur, ama Ibra tu?" Siku moja akauliza kwa haya, "Mama, samahani, unakoroma?" Bi Khole alicheka hata akashindwa kukimbia. Mkwe anayeuliza mapema namna hii, alijiambia, hatakuja kulalamika baadaye.

Nyumbani akamtupia Azzam chambo. "Hawa watu wa Raghad, unawajua?"

Azzam aliinamia kikombe chake cha kahawa. "Watu wema sana, Mama. Wewe zungumza naye tu." Kisha akatabasamu. Bi Khole aliliona tabasamu lile, akamshukuru Mungu kimoyomoyo.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho. Joto linaingia, kikundi kinavunjika mpaka baridi nyingine, na msichana kama huyu haachwi akapita majira yote ya joto bila kuposwa.

Kwenye kilomita ya tisa goti likaanza kulia. Honi ya treni ikasikika nyuma yao.

"Nenda, mwanangu, nisikucheleweshe."

"La, Mama. Tumekuja pamoja, tutafika pamoja."

Bi Khole akampenda zaidi, akajikaza. Walivuka mstari treni ikiwa nyuma yao hatua ishirini, watu wakapiga makofi, wakavishwa medali. Hata pumzi hajaipata, Bi Khole alimshika Raghad mkono.

"Sikiliza, mwanangu. Mimi nina kijana wangu. Nimekutazama miezi mitatu, nimeridhika. Niambie, kwenu nije kwa nani?"

Raghad akatoa macho, akaziba mdomo kwa kiganja. "Mama! Mimi nimeolewa zamani! Yule pale mume wangu, na mtoto wetu."

Nje ya kamba, Azzam alikuwa amesimama na kijana mmoja aliyembeba mtoto. Miezi mitatu, na goti lote lile!

"Sasa maswali yale yote ulikuwa ukiniuliza ya nini?"

Raghad alitazama kule kule kwenye kamba, ambako kando ya Azzam alisimama mzee mmoja nadhifu, kanzu imenyooka kwa pasi, chupa ya maji ameishika kwa mikono miwili. Alipoona anatazamwa, mzee akainamisha macho.

"Yule baba yangu, Muhanna. Mama yetu alifariki, mwaka wa sita huu," alisema Raghad, akamkaza mkono. "Mimi nilishamwambia nimeridhika nawe. Posa tukapeleka kwa Azzam, yeye ndiye walii wako wa kukuozesha. Kasema yeye hana neno, umebaki wewe tu."