Kama Ulivyoileta

Mkaguzi aliipiga teke tairi ya ndege, akasubiri, kana kwamba alitarajia kitu chote kiporomoke. Hakikuporomoka. Akasikitika.

"Hii ndiyo ndege?"

"Ndiyo, mzee," alijibu fundi cherehani.

Asubuhi ya Mkaguzi ilikuwa imeharibika tangu mwanzo. Alikunywa chai bila sukari, maana Jumatatu mvua ilikata daraja na maduka yote yalikuwa matupu. Kisha, alipofika kazini saa tatu na nusu, akakikuta kituko hiki kimeegeshwa mbele ya ofisi yake, na mwanamke mwenye futikamba shingoni amekaa chini ya bawa, anatia uzi kwenye sindano.

Alimfahamu kwa barua. Mara tatu mama huyu aliiomba ofisi imtume mtu nyumbani kwake, aikague ndege aliyoijenga mwenyewe. Mara tatu Mkaguzi alimjibu kwamba ofisi haizururi kwenye nyua za watu. Barua ya mwisho aliiandika kwa raha zake: ndege ifikishwe kwenye uwanja wa ndege kabla ya Ijumaa saa nne asubuhi, la sivyo faili litafungwa na halitafunguliwa tena. Aliamini amelimaliza jambo. Leo ilikuwa Ijumaa.

"Umepoteza miaka mingapi hapa?"

"Sita. Minne nikiwa na mume wangu. Miwili peke yangu, baada ya kumzika."

Mkaguzi alikohoa. Hakupenda habari za misiba kabla ya chai ya saa nne. Akafungua kifuniko cha injini, joto likampiga usoni. Bila shaka mama alikuwa ameiwasha ingurume kidogo, ili aonekane mtu wa maana.

"Injini ya nini hii?"

"Ya teksi ya mume wangu."

"Teksi!" Mkaguzi alicheka mpaka miwani ikamshuka puani. "Kwa hiyo huko juu utasimama kupakia abiria? Na honi je?"

"Honi niliitoa, mzee. Ilikuwa nzito."

Mlinzi wa lango, aliyekuwa akisikiliza kwa mbali, aliangua kicheko. Mkaguzi akamtupia jicho kali, kwa sababu mlinzi alikuwa amecheka mahali pasipotakiwa.

"Injini ya gari inakwenda mbio mno, propela haiwezi mbio hizo. Hata mtoto wa shule anajua."

"Ndiyo maana nimeweka gurudumu dogo, na kubwa, na mkanda katikati. Ni cherehani ya miguu hiyo, mzee, ila nimeigeuza. Kwenye cherehani, gurudumu kubwa linalikimbiza dogo. Hapa dogo ndilo linalozungusha kubwa, kwa hiyo mbio zinapungua."

Alieleweka vizuri kabisa, jambo lililomuudhi Mkaguzi zaidi.

Akazunguka upande wa pili. Mabawa yalikuwa ya kitambaa, yameshonwa kwa mshono mdogo mdogo ulionyooka kama wa kola ya shati la harusi.

"Foronya hizi," alisema.

Ukingo wa mbele wa mabawa ulikuwa umegandwa na wadudu waliopondeka. "Na uchafu wote huu! Unaleta kitu kikaguliwe, hata kitambaa cha kufutia huna? Wewe, fundi wa vitambaa?" Tumboni mwa ndege kulikuwa na matope mabichi. Mkaguzi alimwona akilini dereva wa lori aliyekubali kubeba takataka hii, anacheka njia nzima.

"Na rubani ni nani? Marehemu?"

Sindano ilisimama mkononi mwa fundi cherehani.

"Ni mimi. Leseni yangu iko kwenye faili, ukurasa wa pili."

Mkaguzi hakuwahi kuvuka ukurasa wa kwanza wa faili lile. Alitandaza fomu juu ya bawa, akapiga muhuri kwa nguvu mpaka kitambaa kikalia kama ngoma. HAIWEZI KURUKA.

"Haijawahi kuondoka ardhini," alisema, "na haitaondoka. Imekwisha hiyo."

Fundi cherehani aliutazama wino ukikauka. Machozi yalimlengalenga, lakini hayakudondoka.

"Sasa nifanye nini, mzee? Siwezi kuiacha hapa."

"Iondoe."

"Niiondoe vipi?"

"Kama ulivyoileta! Kwani mimi mchukuzi?"

"Kama nilivyoileta."

"Masikio yamekuziba, mama?"

"Hapana, mzee wangu. Naomba uniandikie tu. Nisije nikakamatwa, nikaambiwa nimevunja sheria."

Kuandika amri ni kitu alichokipenda Mkaguzi kuliko mshahara. Chini ya fomu aliandika kwa herufi kubwa: MWENYE NDEGE AIONDOE LEO HII, KWA NJIA ILE ILE ALIYOTUMIA KUILETA. Akatia sahihi. Akapiga muhuri mara mbili.

Fundi cherehani aliisoma pole pole, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni. Akachomeka sindano kwenye ukosi wa gauni, akakaza kilemba.

"Ahsante sana, mzee. Mungu akuzidishie."

Mkaguzi alikuwa tayari amempa mgongo. "Wewe mlinzi! Fungua lango kubwa, lori la mama huyu lipite."

"Lori gani, bosi?" Mlinzi alitoa ufunguo mfukoni, akautazama kama mtu anayehakikisha kwamba hajaota. "Lango hili sijalifungua tangu daraja likatike. Nimeingia zamu saa tatu, nikamkuta keshafika."

Mkaguzi akageuka kuutazama uwanja. Kwenye majani yaliyolowa mvua ya jana, michirizi miwili ya magurudumu ilitoka mbele ya ofisi yake, ikaenda imenyooka mpaka katikati ya uwanja, ikaishia hapo.

Nyuma yake injini ya teksi ikawaka, mara moja tu, bila kusita.