Gundi ya Kitanda cha Maiti

Siku ya pili tu, Bi Mwanakheri, mwosha maiti wa mji ule, alikirudisha kitanda kipya cha kuoshea kwenye karakana ya Fundi Kibwana. Tangu jana alikuwa amekifunika gunia lililolowa, akijaribu kama kitahimili maji. Mbele ya fundi alishika mguu mmoja wa kitanda, akauvuta bila hata kukaza mkono, ukamfuata. Gundi nyeupe ilichuruzika kama uji wa mgonjwa.

"Gundi hii ni ya fremu za picha," alisema.

Fundi alicheka. "Bi mkubwa, maiti haoshwi kutwa nzima. Wala halalamiki."

"Kitanda kinakaa uani msikitini, jua lake, mvua yake." Bi Mwanakheri alitazama rafu. Kopo la gundi isiyoogopa maji lilikuwa pale, limetumika nusu. "Na ile umempakia nani?"

"Benchi la bustani ya mkuu wa mji."

"Makalio ya mkuu!" Alisonya sonyo refu. "Mwosha huoshwa, Kibwana. Na fundi je? Hutaoshwa na mimi, lakini utalazwa hapa hapa."

Akaurudisha mguu kwenye tundu lake, akaupigapiga kwa kiganja. Kitanda kikasimama kana kwamba hakina neno. Akajifunga kanga vizuri, akangoja.

"Haya, panda ulale."

Fundi alikaa ukingoni, taratibu, mkono mmoja umeshika meza ya kazi. Hakuiachia.