Gari Limepata Chumba

Gari lilikuwa limeshatoka nusu getini, godoro la mama limefungwa juu kwa kamba, jirani alipoweka mikono kiunoni na kupaza sauti:

"Makubwa haya! Gari limepata chumba, mama kapata safari!"

Jirani huyo mtaa mzima ulimwita Redio, maana haikujulikana anazimiwa wapi. Karani, mwana wa mama huyo, aliyeshika usukani, alijifanya hakusikia, lakini masikio yalimwaka moto. Siku nyingine angeteremka wapimane maneno. Leo alikaza mwendo. Redio alikuwa amesema kweli tupu.

Gari lenyewe lilikuwa la yale yanayotumia mafuta na umeme, la kuchomekwa ukutani kama simu. Karani alifanya kazi kwenye bohari upande wa pili wa mji, na mafuta yalikuwa yamemla nyama yakamwachia mifupa. Akalinunua hilo, akajigamba kazini mpaka wenzake wakamkimbia, kisha akaleta fundi umeme amfungie chaja uani, kando ya chumba cha mama yake. Sanduku la umeme la nyumba nzima lilikuwa hapohapo, juu ya mlango wa mama.

Jioni ya kwanza chaja iliwasha taa ya kijani, wakapiga makofi. Hawajamaliza kula, pwaa! Giza. Swichi kubwa imeanguka. Jioni ya pili, vilevile. Ikawa ndiyo kawaida ya nyumba: gari linachomekwa, watu wanakaa mezani, umeme unakwenda. Na kila mara mama alikuwa wa kwanza kutokea mlangoni mwake, tochi inawaka tayari, bakora mkononi.

"Poleni, wanangu. Ni mimi na hita yangu."

Hita ilikuwa ya maji ya kuoga. Magoti yake hayakutaka baridi. Mkewe karani alijaribu kumbembeleza:

"Mama, si nikuchemshie tu maji kwenye gesi, nikuletee na ndoo mpaka mlangoni?"

Mama, ambaye tangu mwanawe aoe hakuwahi kumpandishia mkwewe sauti, alikaza uso kama jiwe. Hita yake haizimwi.

Fundi akaitwa tena. Alikaa chini ya sanduku lile asubuhi nzima, gari linakula umeme, hita inachemka, wala swichi haikutikisika.

"Hii kitu ina haya, bosi," alisema. "Nikiitazama, imetulia. Nikigeuza mgongo, nasikia iko chini kabisa."

Akapanda ngazi. Kwenye swichi palikuwa na weusi.

"Unaona? Huu ni moto huu. Waya zimelemewa." Akaupitisha kidole, ukafutika. "Umeme wa nyumba hii haubebi gari na hita. Chagua kimoja."

Karani akachagua. Lakini hakumwambia mama hivyo. Aliketi ukingoni mwa kitanda chake, akatazama sakafu, akasema kwamba mama mdogo, aliyekaa peke yake mji wa pili, anaonekana mpweke siku hizi, na pengine mama angependa kwenda kuishi naye.

Aliyesema hayo ni yuleyule aliyekuwa amemkatalia mama jambo hilohilo miaka nenda miaka rudi. Kila mama alipoomba kwenda kwa mdogo wake, karani alikuja juu: "Mama, una mtoto wa kiume! Watu watasema nimeshindwa kukutunza?" Sasa maneno yalimtoka moja moja, kama mtu anayetema mawe ya wali.

Mama alijifunika uso kwa kitambaa, mabega yakamtetemeka. Karani akatoka bila kungoja jibu. Hakuweza kumtazama mama yake akilia kwa sababu ya gari.

Asubuhi alikuta mabegi yamefungwa.

Na sasa, walipofika kona, ndipo alipokumbuka. "Mama! Tumesahau bakora yako."

"Iache, mwanangu. Huko niendako sitaihitaji."

Karani alishika usukani kwa nguvu. Alitamani kugeuza, arudishe godoro, aing'oe chaja na kuitupa. Hakugeuza. Gari likienda kwa umeme halina sauti, kwa hiyo hapakuwa na mngurumo wa kumfichia aibu yake. Alijisikia hata akimeza mate.

Mama mdogo aliwapokea kibarazani. Kabla karani hajazunguka kumfungulia mlango, mama alikuwa ameshateremka. Chumba chake kilikuwa kimeshapakwa rangi. Karani alipewa chai, akaiacha nusu kikombe. Akaaga akiitazama miguu yake.

Redio alipata habari nyingine, ya nyumba ya pili. Fundi huwaonyesha wateja wapya picha ya chaja ile na kusema hiyo ndiyo kazi yake. Mama na mdogo wake wanafuga kuku, na jioni hucheza karata na wastaafu wa mtaa. Mama akipigiwa simu hujibu kwa mkato, zamu yake imefika. Karani huenda kumwona kila mwisho wa juma, amebeba matunda, macho chini, na hajawahi kukaa mpaka giza. Mkewe alihamishia cherehani yake kwenye chumba cha uani, na kwa kuwa naye hapendi maji ya baridi, hita hakuizima. Gari, hita, pasi na cherehani huwaka pamoja kila jioni, na swichi haijaanguka tena hata mara moja.

Bakora bado imeegemea nyuma ya mlango. Raba nyeusi ya ncha yake ina mkato mmoja, upana sawa na wa ile swichi kubwa.