Mama Ndani ya Bata wa Kioo

Kauzwa, Salha! Mama kauzwa pamoja na yule bata mdogo wa kioo. Usinicheke, nimekupigia wewe kabla hata ya dada.

Si unaijua sheria ya kuuza vitu mtandaoni, kinachoonekana kwenye picha ndicho kilichouzwa. Ndiyo maana nikipiga picha navaa baibui mpaka usoni na kuzungushia meza kitambaa cheusi, maana kioo kinanasa kila kitu. Jirani yetu alishapoteza paka kwa sababu ya bilauri moja. Sasa jana nikasahau kufunga mlango. Mama akaingia na chai, na mimi nikabonyeza.

Mnunuzi yuko Mwanza. Kaikuza picha, kamwona Mama tumboni mwa bata, mdogo kama punje ya mchele, akaniandikia, "Nawasubiri wote wawili."

Nilidhani nitalia. Nimekaa tu, namfunga bata kwenye gazeti. Mama anapiga pasi kanga zake.

"Niulizie kama huko wanakunywa chai ya tangawizi," kaniambia.

"Mama, huna hasira?"

"Chuo chote kile ulichosoma, mlango tu ndio umekushinda?" Akacheka, akakunja kanga moja, akaikunjua, akaikunja tena.

Mchukuzi anakuja asubuhi. Na mimi nimeikuza ile picha, Salha. Pembeni ya Mama kuna vidole viwili vimeshika simu, na pete yangu inaonekana. Mnunuzi bado hajaikuza mpaka hapo. Kesho nitakumalizia habari, kama bado niko huku.