Mkanda wa Mkeka

Salha alikuwa anamalizia kushona ncha ya pili ya mkanda mama yake alipoingia uani na kuuliza, "Doti hiyo ya kanga umeitoa wapi?"

"Ndani ya sanduku lako, chini kabisa, mama. Nimekata kipande chembamba tu, nipate cha kubebea mkeka wangu wa yoga. Hata kutenganishwa ilikuwa haijatenganishwa, nikajua huna haja nayo."

Mama aliokota kanga iliyobaki, akapitisha kidole pale mkasi ulipopita.

"Hii ni mbeleko yangu," alisema. "Siku ya harusi yako, ulipokuwa ndani unapambwa, mumeo alinikabidhi mimi. Shukrani ya kukubeba mgongoni. Sikuwa na moyo wa kuikata."

Salha aliuvuta mkanda karibu. Akashika sindano na kuanza kufumua mshono, kana kwamba nyuzi zikitoka kitambaa kitaungana tena.

"Acha," mama alisema. "Lete huo mkeka."

Akaufunga kwa ule mkanda, akautupia mgongoni, akainama kidogo kuuweka sawa.

"Mwepesi. Wewe ulikuwa ukinivunja kiuno."

Akaanza kutembea huku na huku uani. Salha alibaki amekaa chini, mkasi mapajani, hana pa kuweka uso. Alipothubutu kuinua macho, mkono wa mama ulikuwa umekwenda nyuma wenyewe, unaupigapiga mkeka taratibu.