Mashine ya Kumvusha Muuguzi

"Nipe hiyo kubwa kuliko zote," nahodha alisema jioni ile, kabla hata ya kusalimia.

Fundi, mwenye duka la mashine za boti, hakuigusa ile kubwa. Aliweka kiganja juu ya ndogo kuliko zote. "Kiboti kama chako kinataka hii."

Nahodha alikuwa akivusha watu mtoni. Jana rafadha yake, pangaboi la kusukumia boti, ilivunjikia kwenye mawe, na sasa alitaka mashine ya jeti, ile inayofyonza maji na kuyarusha nyuma. Lakini si mawe yaliyomuuma. Leo asubuhi muuguzi wa zahanati ya ng'ambo alivuka na mshindani wa nahodha, mwenye mashine kali, wakafika kufumba na kufumbua. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Gati zima lilijua, isipokuwa muuguzi mwenyewe. Ndivyo nahodha alivyoamini.

"Akishaonja mwendo ule, harudi tena kwangu," alisema. "Na jeti inakula theluthi ya nguvu ya mashine. Lazima nichukue kubwa."

"Kubwa ni nzito. Boti itadidimia nyuma, mashine ifyonze mchanga, ife." Fundi alisema kwa sauti ya juu, utadhani mteja ni kiziwi. "Hii itakuvusha salama. Taratibu, lakini salama."

"Taratibu kiasi gani?"

"Mtapata muda wa kuzungumza."

"Nizungumze nini, fundi? Nikishasema habari za asubuhi, ulimi unakwama."

"Haraka haraka haina baraka."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo."

Nahodha alimtazama kwa shaka. Fundi gani anamkatalia mteja kitu cha bei kubwa? Bila shaka hii ndogo imemdodea. Akaomba ya kati. Fundi akadai ina mwenyewe. Akairudia kubwa, fundi akaifunika turubai.

Kesho alfajiri abiria wangekuwa gatini. Nahodha akasalimu amri, akaipakia ile ndogo kwenye mkokoteni na kuondoka amenuna, akiwa na hakika kwamba ameshampoteza muuguzi.

Fundi alingoja mpaka mkokoteni ukate kona, kisha akagonga mlango wa stoo. Muuguzi akatoka, akipangusa utando wa buibui kwenye sare yake nyeupe.

"Mjomba," akasema kwa masikitiko, "hakukuwa na ndogo kuliko hiyo?"