Kulusum Juu ya Mkuyu

Wanaume wa mtaa walipofika na mashoka kwenye bustani ya wote, walimkuta Kulusum amekaa juu ya mkuyu, miguu inaning'inia.

"Mama, shuka! Mti hii iko na popo mingi!"

"Popo inakula makuyu. Mukikata, itamaliza mapera yetu yote."

Mwenye shoka kubwa alikuwa mume wa binti yake. Mama mkwe hatazamwi usoni, sembuse kutoka chini ya gauni! Akaangusha shoka, akafunika macho, akarudi kinyumenyume mpaka miiba ikamshika suruali.

Wenzake wakacheka hadi machozi. Kapera mmoja akaokota shoka, akalinyanyua.

"Kata tu, mwanangu," Kulusum akamwambia kwa upole. "Lakini binti yangu mdogo, bado unamutaka?"

Shoka likabaki hewani.